Namba Iliyokatwa na Grinda

Ugomvi wa gari la marehemu baba ulianza pale mnunuzi wa vyuma chakavu alipotaja Sh 800,000 na Mama akaitikia, "Chukua." Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, iliyokuwa imeegeshwa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yetu Usa River tangu msiba ulipotufika. Mama alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzito: gari limemeza nafasi ya banda, mitetea imehamia kutagia kwenye viti vya nyuma, na kila masika matairi yanazidi kuzama ardhini. Mnunuzi naye alikuwa anajua kazi yake. Alipiga kiganja kwenye mlango, akasikiliza mlio, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu tangu enzi, kwa sababu gari hili lilipooneshwa Amsterdam mara ya kwanza, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo maana bodi haioti kutu, na ndiyo maana milango ya baba ilikuwa njiani kuyeyushwa iwe sufuria.

Aliyesimama mbele ya geti ni mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kuendesha watalii.

"Mama, mwambie aondoke na mizani yake. Gari hili halipimwi kwa kilo."

"Linapimwa kwa nini, basi? Kwa mayai?"

Mnunuzi akaondoka akisema atarudi Jumatatu, na jioni hiyo Baba Mdogo akaitwa kutoka Moshi. Kwetu jambo la mali ya marehemu haliamuliwi na mtu mmoja.

Inafaa nieleze gari hili lilifanyiwa nini, maana humo ndimo ugomvi wote ulimokaa. Baba alilinunua kwenye mnada wa magari ya mradi mmoja uliofungwa. Lilikuja na injini yake ya asili, ya petroli ya lita 2.25, injini ngumu isiyokata tamaa lakini yenye kiu. Baba alikuwa anabeba ndizi kutoka miteremko ya Meru kupeleka soko la Kilombero, Arusha, na ikafika mahali petroli ikawa inakula faida yote ya mzigo. Rafiki yake, fundi ambaye sisi watoto tulimwita Babu Fundi ingawa hakuwa mzee wakati huo, akamshauri aitoe ile injini na kuweka dizeli ya Toyota, 3L ya lita 2.8 iliyotoka kwenye Hiace iliyopinduka.

Kazi hiyo husemwa kwa sentensi moja, lakini kuifanya ni shughuli. Injini ya Toyota haijui giaboksi ya Land Rover; matundu ya bolti hayalingani, na shafti inayoingia kwenye klachi haina mahali pa kukaa. Babu Fundi alichukua bapa nene la chuma, akalipeleka kwa mkerezaji, akasimama hapo hapo mpaka likawa sahani yenye matundu ya Toyota upande mmoja na matundu ya Land Rover upande wa pili. Ugumu wa kazi hiyo ni katikati. Sahani ikikaa pembeni kwa upana wa unywele tu, shafti itazunguka kwa kupiga, beringi italia, na giaboksi itakufa kabla ya mwaka kuisha. Ile sahani haijawahi kulia. Gari lilibeba ndizi, maiti, maharusi, mifuko ya saruji na ada zetu za shule, na giaboksi ni ile ile. Baadaye wakaongeza sevo ya breki, kwa kuwa Series III ya 109 ina breki za ngoma magurudumu yote manne na ukishuka mlima na mzigo mguu unachoka, kisha wakabadilisha viti na dashibodi.

Sasa Baba Mdogo alipofika, akala, akanawa, akasema neno lililoligawa baraza.

"Shemeji, mtoto ana haki, gari la kale ni mali. Lakini si hili. Hili limeharibiwa. Gari la kale ni lile lenye injini yake. Nani atanunua Land Rover yenye moyo wa Hiace?"

Mama hakupenda neno "limeharibiwa" litumike kwa kazi ya mumewe, na alimwambia hivyo. Hata hivyo Baba Mdogo hakuwa amelizua. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya masoko ya magari ya kale Ulaya na Marekani: namba ya injini ilingane na ya kitabu cha kiwandani, rangi iwe ile ya siku ya kwanza, na kila bolti iliyobadilishwa ilikatwa kwenye bei. Gari lililoguswa na fundi wa mtaani lilihesabika kama gari lililojeruhiwa.

Sheria hiyo imelegea, na mdogo wangu alikuwa na ushahidi. Mwaka 2009 Mwingereza Rob Dickinson, aliyekuwa mwanamuziki, alianzisha karakana ya Singer huko California. Anachukua Porsche 911 za kati ya 1989 na 1994 za wateja, anazivua mpaka zibaki mifupa, anazivika bodi ya nyuzi za kaboni yenye sura ya zile za zamani zaidi, na kuzijengea injini upya. Gari la namna hiyo huuzwa kwa bei inayopita mara kadhaa ile ya 911 mpya kutoka kiwandani. Huko huko California, Jonathan Ward amejenga jina kwa Toyota Land Cruiser za zamani zenye sura ya miaka ya 1960 na injini za kisasa. Na mwaka 2018 Land Rover wenyewe, watu ambao mtu angedhani wangekuwa wa kwanza kutetea uasilia, walitangaza kwamba watazichukua Defender zilizokwisha kutumika, wazitie V8 ya lita 5 na breki kubwa zaidi, wauze 150 tu, kila moja kuanzia pauni 150,000.

"Kiwanda chenyewe, Baba Mdogo. Kinafanya alichofanya Babu Fundi."

Hapo naungana na mdogo wangu bila kusita. Mnunuzi wa leo anataka sura ya gari alilolitamani akiwa mtoto, mlio wa mlango ule ule na boneti ile ile yenye tairi la akiba juu yake. Lakini anataka pia breki zishike, usukani uwe mwepesi, gari liwake asubuhi ya baridi, na aweze kwenda nalo kazini badala ya kulifunika turubai. Magari mapya yamejaa kompyuta, na mwenye gari hawezi tena kufungua boneti akaelewa anachokiona. Tena magari yenyewe hayaongezeki. Defender ya mwisho ya ukoo ule wa zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Marekani nako gari likitimiza miaka 25 husamehewa masharti ya usalama yanayozuia magari ya nje kuingizwa, kwa hiyo kila mwaka kundi jipya la magari linakomaa kwa soko lile. Hizi ndizo sababu za bei kupanda, na zote zinamhitaji fundi anayejua kuunganisha cha kale na kipya.

Kwetu mabadiliko yalitokana na shida, wala si anasa. Mimi sioni kwamba hilo linapunguza thamani yake. Mtu aliyetembea Arusha wakati wa tamasha la Land Rover lililofanyika Oktoba 2024 aliona wazi: gari baada ya gari lilikuwa limerefushwa, limeinuliwa paa, limewekewa injini ya ukoo mwingine, na yote yalikuja kwa magurudumu yao.

Mdogo wangu akaleta mnunuzi wake, kijana wa Kitanzania anayefufua Land Rover za zamani kwa wateja wa ndani na nje. Alilala chini ya gari kwa muda mrefu kiasi kwamba Bibi aliuliza kama mgeni ni mzima. Alipotoka, akasema Sh milioni 22, mradi karatasi ziwe sawa. Angerudi wiki ijayo, na kadi ya gari iwe mezani. Mama aliketi. Baba Mdogo naye akabadilika papo hapo, na kwa moyo safi kabisa akajitolea kuliandaa gari ili mgeni alikute limependeza.

Hapo ndipo msiba wa pili ulipoingia nyumbani.

Bodi ya Land Rover haioti kutu, lakini chesisi yake ni chuma, na chuma cha miaka yote hiyo chini ya mparachichi unaodondosha maji kinaliwa. Mikono miwili ya mbele ya chesisi, ile inayotokeza kushika ncha za springi, ilikuwa imetoboka. Baba Mdogo akamwita fundi wa kuchomelea kutoka mjini. Kijana alikuja na grinda na jenereta, akakata mkono wa kulia ulipoozea, akachomelea kipande kipya kilichonyooka vizuri, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi. Kwa macho kazi ilikuwa nzuri. Mama alimpa chai na maandazi. Baba Mdogo alimlipa na kumsindikiza mpaka barabarani.

Mnunuzi alipofika na kadi ikatandazwa mezani, hakuangalia injini. Alichukua brashi ya waya na kipande cha chaki, akapiga magoti mbele upande wa kulia, akaanza kusugua rangi. Alisugua. Akahamia pembeni, akasugua tena. Kisha akauliza kwa upole, "Mzee, huu mkono ni mpya?"

"Mpya kabisa," alisema Baba Mdogo kwa fahari.

"Na ule wa zamani uko wapi?"

Kwenye Series III namba ya chesisi imepigwa mhuri pale pale, kwenye mkono wa kulia wa mbele, juu ya kishikio cha springi. Kipo pia kibati cha ndani chenye namba hiyo, lakini cha kwetu kiling'oka zamani dashibodi ilipobadilishwa. Kwa hiyo gari lilikuwa limesimama uani likiwa na kadi yenye namba, na mwilini halina namba hata moja. Kijana alieleza kwa utulivu kwamba gari lisilo na namba hawezi kulinunua kwa bei yoyote, kwa kuwa mbele ya mkaguzi haliwezi kutofautishwa na gari la wizi. Akafunga mkoba wake.

Nilimwelewa, na baadaye nilimwelewa zaidi. Uingereza, gari la kale likibadilishwa sana, mamlaka ya usajili kwa miaka mingi ilikuwa ikilipima kwa alama: chesisi ya asili alama 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani alama 2 kila kimoja, injini alama 1 tu. Lililofika alama 8 lilibaki na jina lake. Injini ambayo Baba Mdogo aliililia usiku kucha ilikuwa na alama moja, na chesisi tuliyoikata uani bila kufikiri ndiyo yenye tano. Marekani mwaka 2014 serikali ilikamata Defender 40 kutoka kwa wamiliki wao kwa madai kwamba zimeingizwa isivyo halali na namba zake hazisemi kweli. Baadaye baadhi zilirudishwa, lakini baada ya kesi. Gari la kale linaweza kubadilishwa karibu kila kitu. Halivumilii kupotezewa kitambulisho.

Siku zilizofuata nyumba haikulalika. Mama na Baba Mdogo walisemeshana kupitia watoto. Mdogo wangu alimtafuta kijana wa kuchomelea, naye akaapa kwamba vipande vilivyokatwa aliviacha chini ya mparachichi. Chini ya mparachichi hapakuwa na kitu. Shangazi akakumbuka kwamba watoto wanaookota vyuma walipita. Tukaenda mpaka kwa yule yule mnunuzi wa Sh 800,000, tukachambua lundo lake: nati, vipande vya nondo, majembe yaliyokufa, rimu za baiskeli. Alituacha tutafute kwa hiari yake, na hakudai chochote. Hatukukipata.

Aliyekipata ni Bibi, na alikipata bila kukitafuta, maana hakuna aliyekuwa amemweleza tunatafuta nini. Watu walisema "namba, namba," naye akadhani ni namba ya kibao cha gari. Jioni moja mjukuu alimwendea stoo kuchota pumba za kuku, akarudi akilalamika kwamba jiwe la kukandamizia mfuniko wa pipa ni zito. Kumbe halikuwa jiwe. Bibi alikuwa ameliokota lile pande la chuma siku ya kuchomelea, akaona lina uzito unaofaa, akaliweka juu ya mfuniko ili panya wasiingie.

Baba Mdogo alilibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye taa ya barazani. Lilikuwa pande la kiganja kimoja na nusu kwa urefu, upande mmoja limeng'aa pale grinda ilipopita, upande mwingine limevimba magamba ya kutu yenye rangi ya kahawa. Mdogo wangu alimimina mafuta ya taa, akaliacha linywe, kisha akaanza kulisugua kwa brashi ya waya, polepole, kwa sababu kutu ikitolewa kwa pupa hutoka na mhuri. Magamba yakadondoka kwenye gazeti. Chuma kikabaki cheusi na kitupu, na tukadhani yamekwisha. Ndipo akachukua chaki ya shule, akailaza ubavu, akaipitisha juu ya chuma na kufuta kwa kidole gumba. Unga mweupe ukabaki kwenye mabonde tu. Tarakimu ya kwanza ikatokea, ikafuata ya pili, ya tatu ikiwa imeliwa nusu lakini inasomeka. Mama akawa anasoma kwenye kadi, Baba Mdogo anasoma kwenye chuma, na kila waliposema namba moja kwa pamoja Bibi alisema "Haya." Zote zililingana.

Hatukuthubutu kukirudisha kile kipande wenyewe. Kuchomelea namba kwenye gari bila mkaguzi ndiyo kazi wanayofanya wezi, na nia njema haionekani kwenye weldi. Gari, kadi, kipande na kijana wa kuchomelea vyote vilipelekwa mbele ya wakaguzi. Kijana akaeleza alichokata na lini, akaandika, akasaini, na kazi ya kukirudisha ikafanyika baada ya kibali.

Mnunuzi alirudi, na safari hii alikuwa na ombi: anataka kumwona aliyetengeneza ile sahani. Mdogo wangu akamfuata Babu Fundi, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo. Mzee aliingia uani, tukampa shikamoo, akapita moja kwa moja hadi kwenye gari, akainamisha sikio injini ilipowashwa. Mnunuzi akamwuliza vipimo vya sahani, chuma cha unene gani, alitafutaje katikati. Mzee alijibu yote kwa kichwa. Alipoulizwa kama ana karatasi yoyote, hata risiti, alisema katika maisha yake yote ya gereji hakuna mteja aliyewahi kumwomba aandike alichofanya. Wakampa kalamu. Akaandika kwenye karatasi ya kaunta buku, kwa mwandiko wa shule za zamani: injini gani, ilitoka wapi, sahani ilikerezwa wapi, sevo ilifungwa lini. Karatasi hiyo ikawekwa pamoja na kadi, na mnunuzi akaichukua kwa uangalifu zaidi kuliko alivyochukua funguo.

Bei ilishuka hadi Sh milioni 20 kwa sababu ya ule mkono uliokatwa. Baba Mdogo alitaka kubisha, Mama alimzuia. Katika fedha hizo Mama alimtengea Babu Fundi fungu lake mbele yetu sote, na mnunuzi akamwagiza sahani nyingine tatu kwa magari yake. Naliona hilo kuwa jambo la haki kuliko yote yaliyotokea katika mkasa huu. Thamani iliyopatikana ilitengenezwa na mikono yake, na kama si mgeni kuuliza, isingeandikwa popote.

Kwa hiyo nawaomba wenye Land Rover, Land Cruiser, Peugeot na Datsun zilizolala nyuma ya nyumba: kabla mtu wa mizani hajafika, na kabla fundi hajawasha grinda, tafuteni namba ya chesisi, isafisheni, ipigeni picha, ilinganisheni na kadi. Wenye magari yaliyobadilishwa injini, mfuateni fundi wenu angali hai, mwombeni aandike alichofanya na asaini. Nanyi mafundi, andikeni hata kabla ya kuombwa. Karatasi moja ya kaunta buku inatosha.